Kwa nini mtu apige kura kutoka kwenye umoja unaomlisha?

Karibuni tena barazani. Safari hii barua nne zimekuja na kitu kimoja, nadhani ni kwa sababu yale mambo ya sisi na Malawi kuzuiliana mazao mpakani mwaka 2025 yaliacha mjadala vijiweni ambao haujaisha, watu wanaulizana hizi jumuiya zina faida gani hasa na mtu akichoka anatokaje. Nimeziweka zote hapa. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu mana ndo imebeba nyingine.

*Shikamoo dada wa Baraza. Mi nauza viazi Mwanjelwa. Juzi tulibishana mpaka jioni kuhusu Waingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, mmoja anasema walidanganywa tu, mwingine anasema ule ni ubaguzi, mi naona haiingii akilini mtu akatae soko la nchi 27 wakati sisi tunahangaika na soko la Zambia na Malawi hapo tu mlangoni. Hivi walikuwa wanafikiria nini? Na wewe ungekuwa kule ungepigaje kura? – Muuza viazi, Mbeya*

Marahaba kaka. Swali lako la walikuwa wanafikiria nini nimelipenda, mana wenzako hapo kijiweni walishakuwa na jibu kabla ya kuuliza.

Kwa ambao hamkufuatilia: Juni 23, 2016 Waingereza waliulizwa swali moja, tubaki au tutoke. Asilimia 72 ya waliojiandikisha walijitokeza, wa kutoka wakapata asilimia 51.9 na wa kubaki 48.1, yaani milioni 17.4 kwa milioni 16.1. Kwa hiyo sio kwamba nchi nzima iliamka ikaichukia Ulaya, nchi ilipasuka karibu katikati. London ilitaka kubaki, Ireland ya Kaskazini ilitaka kubaki, Scotland ndo kabisa asilimia 62 walisema tubaki. Vijana wa miaka 18 mpaka 24 kama saba kati ya kumi walitaka kubaki, wazee wengi wakataka kutoka. Na umoja wenyewe walikuwa wameingia tangu 1973, alafu 1975 wakaulizwa kwa kura kama hiyo hiyo wakajibu tubaki kwa asilimia 67. Kuna kitu kilibadilika kati ya 1975 na 2016.

Kwanza umoja wenyewe ulibadilika. Mzee aliyepiga kura ya ndiyo 1975 alikuwa anajua anapigia kura biashara, soko la pamoja, ndivyo ilivyoitwa mtaani. Mkataba wa Maastricht wa 1992 ukaja na uraia wa Ulaya, mipango ya sarafu moja (Uingereza yenyewe ilibaki na pauni yake) na mambo mengi ya siasa, na sheria za umoja, ambazo tangu mwanzo zilikuwa juu ya sheria za bunge lao, zikaingia sehemu nyingi zaidi, mahakama ya umoja kule Luxembourg ndo yenye neno la mwisho kuzitafsiri. Kila hatua ilisainiwa na viongozi waliochaguliwa, hilo ni kweli kabisa, ila huyu mzee yeye kati ya 1975 na 2016 hakuulizwa tena kuhusu Ulaya hata mara moja kwa kura ya aina hiyo. Miaka 41 hiyo.

Hapa naomba nikupe stori ya nyumbani. Shangazi yangu anafuga kule Rungwe, ng'ombe wawili wa maziwa, na alikuwa kwenye kikundi cha wafugaji kinachokusanya maziwa na kuyapeleka kwa mnunuzi mmoja. Bei ilikuwa nzuri, hela inakuja kwa wakati, akiwa na shida ya dawa ya mifugo anakopeshwa. Siku moja anafika saa kumi na moja na nusu alfajiri na ndoo yake, ukungu ule wa Tukuyu hata mkono wako huuoni, anakuta kituo kimehamishwa kilomita mbili mbele na saa ya kupokea imebadilika. Viongozi walikaa, wakaamua, wakawaambia madereva, wanachama hakuna aliyeambiwa. Maziwa ya siku ile aliyarudisha nyumbani. Wiki ile ile akatoka kikundini akaanza kumuuzia mama mmoja wa mgahawa pungufu shilingi 50 kila lita, na mimi kama msomi wa familia nikampigia hesabu nikamwonyesha kwa mwezi anapoteza kiasi gani. Akanisikiliza vizuri tu mpaka mwisho alafu akasema, mwanangu hesabu yako iko sawa, lakini huyu mama wa mgahawa akitaka kubadilisha saa ananipigia simu. Mpaka leo hajarudi.

Nimekaa na hilo jibu siku nyingi. Siku ile ya kura ya Waingereza, mfanyabiashara mmoja wa Kiingereza anayeitwa Lord Ashcroft, ambaye huwa anaendesha kura za maoni, aliwahoji watu zaidi ya elfu 12 waliokuwa wamepiga kura. Waliochagua kutoka, karibu nusu yao walitaja kama sababu kubwa kwamba maamuzi kuhusu Uingereza yafanyike Uingereza. Theluthi moja wakataja kusimamia wahamiaji na mipaka yao. Uchumi haukuwa namba moja kwao. Sasa upande wa kubaki, kampeni yao karibu yote ilikuwa hesabu, mtapoteza hiki, kila familia itapungukiwa kile. Walikuwa wanafanya kile nilichomfanyia shangazi. Unamletea mtu jibu la swali ambalo hajauliza, alafu ukishindwa unasema hajasoma.

Mwenzako anayesema ni ubaguzi, hajakosea kabisa, kulikuwa na ubaguzi na kulikuwa na matangazo ya kampeni ya kutisha watu kuhusu wahamiaji, nayaona ya aibu. Lakini ukiliacha hapo hujaelewa. Mwaka 2004 nchi kumi ziliingia kwa mpigo, nane za Ulaya Mashariki, Poland, Lithuania na wenzao. Nchi za zamani ziliruhusiwa kufunga soko la ajira mpaka miaka saba, Ujerumani ilifunga mpaka 2011. Uingereza, Ireland na Sweden wakafungua siku ile ile. Wataalamu wa serikali ya Uingereza walikadiria watakuja watu elfu 5 mpaka elfu 13 kwa mwaka, wakaja malaki. Nenda mji unaitwa Boston (sio wa Marekani, huu uko Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza), mji mdogo wa wakulima, kabichi, viazi, kolifulawa, yaani kama Njombe ukitoa milima. Watu waliozaliwa nje waliongezeka mara kadhaa ndani ya miaka kumi. Wageni walikuwa wachapakazi, wanalipa kodi, tafiti nyingi zilionyesha mishahara ya wenyeji kwa ujumla haikuathirika sana, ila foleni ya daktari iliongezeka, kodi za nyumba zikapanda, madarasa yakajaa, na serikali yao yenyewe kuanzia 2010 ilikuwa inabana matumizi baada ya ule mtikisiko wa mabenki wa 2008, kwa hiyo madaktari na walimu hawakuongezwa kwa kasi ile. Boston walipiga kura ya kutoka asilimia 75.6, hakuna sehemu iliyozidi hapo.

Alafu Waziri Mkuu David Cameron alikuwa ameahidi wahamiaji watashuka chini ya laki moja kwa mwaka. Mwezi mmoja haujafika kabla ya kura zikatoka takwimu, ongezeko la mwaka 2015 lilikuwa zaidi ya laki 3. Raia wa nchi za umoja ana haki ya kuja kufanya kazi, Cameron hana mamlaka ya kumzuia, sasa kwa nini aliahidi? Mi hapa nawalaumu wanasiasa kuliko wapiga kura. Ukimwahidi mtu kitu ambacho ufunguo wake huna, ipo siku atauliza nani anao.

Na yule anayesema walidanganywa, kuna basi. Basi jekundu la kampeni limeandikwa tunapeleka pauni milioni 350 kila wiki Umoja wa Ulaya, tuzitumie kwenye huduma yetu ya afya. Hiyo namba ilikuwa haijaondoa punguzo la mchango wao ambalo waziri mkuu wao wa zamani Margaret Thatcher alilipigania mwaka 1984, ukiliondoa inabaki kama milioni 250, na hapo bado hujahesabu zile zilizokuwa zinarudi kwa wakulima na mikoa maskini. Mamlaka yao ya takwimu ilisema wazi kwamba namba ile inapotosha. Basi likaendelea kutembea. Huo ni uongo na naukataa, ila sidhani kama bila lile basi watu wote milioni 17.4 wangekuwa upande mwingine, wengi walikuwa wameshaamua miaka kabla ya basi kupakwa rangi.

Umeniuliza ningepigaje. Ningepiga ya kubaki. Mi nimekulia mpakani, najua foleni ya forodha inavyokula mtaji wa mtu mdogo. Lakini ningeenda kupiga nikijua jirani yangu anayepiga ya kutoka ana jambo la kusikilizwa.

*Kamwene dada. Niko kidato cha sita hapa Iringa. Mwalimu wetu alisema kuna sehemu zilikuwa zinapewa hela nyingi na Umoja wa Ulaya na ndo zikapiga kura ya kutoka. Ni kweli? Mbona haina mantiki? – Mwanafunzi, Iringa*

Kamwene mdogo wangu. Ni kweli, mwalimu wako yuko sahihi. Mfano mzuri ni Ebbw Vale, mji wa Wales, eneo la Blaenau Gwent. Hapo palikuwa na kiwanda kikubwa cha chuma, maelfu ya watu, baba na mtoto wanaenda zamu moja. Kikafungwa 2002. Hela za Umoja wa Ulaya zikaja, zikasaidia chuo, reli, barabara, na mabango yenye bendera ya bluu yenye nyota yakawekwa. Mwaka 2016 Blaenau Gwent ikapiga kura ya kutoka asilimia 62, ya juu kuliko sehemu yoyote ya Wales. Cornwall nayo hivyo hivyo, hela ilipata, ikatoka. Kule Sunderland kuna kiwanda cha magari cha Nissan tangu 1986, magari mengi yanayotoka pale yanauzwa Ulaya, na Sunderland wakapiga ya kutoka asilimia 61.

Waulize wazee wa Mbeya kuhusu ZZK, kiwanda cha Zana za Kilimo kilichokuwa kinatengeneza majembe. Kilipokuwa kinafanya kazi mtu alikuwa na kitambulisho, ana mshahara, binti akiulizwa anaolewa na nani anasema fundi wa ZZK na nyumba nzima inanyamaza kwa heshima. Kilipokufa, hebu jiulize, ungemjengea yule fundi barabara ya lami nzuri mbele ya geti lililofungwa na bango la mfadhili, angekushukuru? Angepita juu ya hiyo lami akienda kutafuta kibarua. Barabara ni ya mtu yeyote anayepita, kazi ilikuwa yake. Kwa hiyo wa Ebbw Vale aliposikia mtaalamu kwenye televisheni anasema mkitoka uchumi wa taifa utashuka, akawaza uchumi gani, ule wa London? Ulishashuka kwangu 2002 na hamkuja na makaratasi yenu.

Mdogo wangu, kwenye mtihani usiandike kwamba hawakuwa na mantiki. Andika kwamba faida ya umoja ilikuwa inakuja bila sura, imetawanyika kwenye bei za dukani na ajira za mbali, ila hasara yake ilikuwa na sura na anuani. Na kosa kubwa la wanasiasa wao wa vyama vyote, miaka na miaka, jambo zuri likitokea walisema tumelifanya sisi, baya likitokea wanasema ni Brussels, yaani makao makuu ya umoja. Ukimsema mkeo vibaya kwa ndugu miaka arobaini alafu siku moja uwaombe wamkubali, watakushangaa.

*Dada pole na kazi. Mimi ni mfanyabiashara Tunduma, wateja wangu ni Wazambia na Wakongo. Je sisi Tanzania tuliwahi kujitoa kwenye umoja wowote? Na kama siku moja tukijitoa Jumuiya ya Afrika Mashariki mimi wa huku kusini inanihusu nini? – Mama wa Tunduma*

Ahsante mama, nimeshapoa. Tuliwahi, na mlango wako wa Nakonde, ule upande wa Zambia, uliguswa. Tanzania ilikuwa mwanachama wa COMESA, ile jumuiya ya soko la mashariki na kusini mwa Afrika ambayo Zambia imo na makao makuu yako Lusaka. Tulitoa taarifa 1999, tukatoka rasmi mwaka 2000. Sababu zilizotolewa zilikuwa gharama za kuwa kwenye jumuiya nyingi kwa wakati mmoja, mapato ya forodha kupungua, na hofu ya viwanda vyetu kuzidiwa. Hatukupiga kura wananchi, iliamuliwa serikalini. Kilichokuokoa mama ni kwamba Tanzania na Zambia zote ziko SADC, ile jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kwa hiyo mlango haukufungwa kabisa, ila ukatumia karatasi za aina nyingine.

Kabla ya hapo kuna ile Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ya 1967, ikavunjika 1977. Pale napo mwananchi hakuulizwa. Amin alichukua Uganda 1971, Mwalimu Nyerere akakataa kukaa naye meza moja, Kenya na sisi siasa za uchumi zikawa zinapingana, shirika la ndege la pamoja likafa, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa mpaka 1983. Waliopoteza mali zao Namanga na Taveta wanajua wenyewe. Ndo mana jumuiya mpya iliyosainiwa 1999 imeenda polepole, na mwaka 2007 kamati ilipozunguka nchi nzima kuuliza kama tuharakishe shirikisho la kisiasa, Watanzania wengi walisema hapana, tusiharakishe, wengi wakitaja ardhi na ajira. Naona waliheshimiwa kwa kiasi, mana hata itifaki ya soko la pamoja iliyoanza kutumika 2010 iliacha ardhi ibaki chini ya sheria za kila nchi. Hebu linganisha na yule mzee wa Kiingereza. Sisi tuliulizwa kabla.

Sasa wewe mama. Wakongo wako wameingia Afrika Mashariki 2022, kwa hiyo tukitoka unaweza kuguswa, ingawa nao wako SADC kama sisi. Wazambia hapana, hao hawamo Afrika Mashariki, tuko nao SADC. Lakini usidhani kuwa ndani ya umoja peke yake kunakulinda. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa hoja ya sumukuvu, na sote ni jumuiya moja, wenye mahindi huku Nyanda za Juu wakabaki wanaangalia magunia mpaka zuio likalegezwa baada ya siku kadhaa. Na 2025 Malawi ikazuia mchele, unga, ndizi, tangawizi na mahindi kutoka nje, Aprili sisi tukajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, baada ya siku chache tukafungua kupisha mazungumzo. Wote SADC. Mwenye ndizi pale Kasumulu, mpakani na Malawi, mkungu unaiva juu ya lori jua linawaka, hana habari na itifaki ya ukurasa wa ngapi, anaangalia rangi ya ndizi inavyogeuka kutoka kijani. Huyo siku ukimletea karatasi ya kura iliyoandikwa tubaki au tutoke, usimwulize kwanza anajua nini kuhusu ushuru wa pamoja wa forodha. Mwulize ile siku ya lori nani alimpigia simu.

*Mwanangu, mimi ni mzee wa Makete. Je hao Waingereza walijuta? Na mtu akitoka anaweza kurudi?*

Shikamoo mzee wangu. Walitoka rasmi Januari 31, 2020, baada ya mivutano iliyomfanya Cameron atangaze kujiuzulu kesho yake tu baada ya kura, na baadaye ikamng'oa Theresa May, waziri mkuu aliyemfuata. Kura za maoni za miaka ya karibuni zinaonyesha Waingereza wengi wanaona uamuzi ule ulikuwa kosa. Ofisi yao inayokagua bajeti inakadiria kwamba kwa muda mrefu uzalishaji utakuwa pungufu kwa asilimia 4 kuliko wangebaki. Wavuvi walioahidiwa bahari wameipata kidogo kidogo na makaratasi mengi ya kuuza samaki wao Ufaransa. Na wahamiaji, mzee, ndo pananiuma, mwaka ulioishia Juni 2023 ongezeko lilipita laki 9, safari hii wengi wakitoka India, Nigeria na kwingine nje ya Ulaya, kwa vibali vya serikali yao wenyewe. Ufunguo walirudishiwa, aliyeushika akafungua zaidi. Yule wa Boston aliyetaka foleni ya daktari ipungue sijui leo anamlaumu nani, ila angalau anayemlaumu anamwona kwenye karatasi ya kura kila uchaguzi.

Kurudi inawezekana, sheria ya umoja inaruhusu, ila unaomba upya kama mgeni na lile punguzo la Thatcher usilitegemee. Greenland, kile kisiwa kikubwa cha barafu kilicho chini ya Denmark, walipiga kura kutoka mwaka 1982 kwa sababu ya samaki, asilimia 53, wakatoka 1985. Ni watu wachache, hawafiki elfu 60, samaki ndo maisha yao, wakafanya mkataba wa kuwauzia Ulaya haki ya kuvua kwenye maji yao. Miaka zaidi ya arobaini sasa, hawajaomba kurudi.